Kosa la Shingo

"Tembea hapo," msimamizi wa zamu alisema, akiunyooshea kidole mstari mweupe uliopakwa sakafuni kutenga njia ya mikokoteni na mashine za kufuma. "Kama kichwa chako ni kizima, tembea juu ya mstari mpaka mlangoni. Watu wote waone."

Zamu ya asubuhi ndiyo kwanza ilikuwa inaingia. Wafumaji walisimama na vyombo vyao vya chakula mikononi, mafundi wa mashine wakaweka spana chini. Mwanamke aliyeambiwa hivyo alikuwa mkaguzi wa vitambaa, mfupi, wa makamo, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi kwenye kola. Jicho lake la kulia lilikuwa jekundu na lilichuruzika machozi. Mdomoni alikuwa na peremende. Aliuweka mkoba wake juu ya jora la kitambaa, akanyoosha mgongo, akainua kidevu, akaanza kutembea.

Mwanzo alikwenda vizuri. Kisha mtu akamwita kutoka pembeni, pengine kwa makusudi, naye akageuza kichwa. Sakafu ikainama. Mguu mmoja ukatoka nje ya mstari, wa pili ukaufuata kuuokoa, na mkaguzi akajikuta ameukumbatia mkokoteni wa nyuzi ili asianguke.

"Haya, mmeona wenyewe!" msimamizi akasema, uso umemchangamka kama wa mtu aliyeletewa zawadi. "Macho mekundu. Peremende asubuhi asubuhi, mnadhani za nini kama si za kuua harufu? Nenda nyumbani, mama, ukapumzike na chupa yako. Utaitwa kwenye kikao."

Mmoja alicheka, wakamfuata wengi. Kabla ya saa ya chakula jina lilikuwa limeshaenea kiwanda kizima, kutoka kwenye mashine hadi kwa walinzi wa geti: Chupa.

Hakuna jina lililokuwa mbali naye kuliko hilo. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu, mtu mfupi mwenye sauti iliyofika hadi barabarani. Walipomletea jukwaa la mbao asimame wakati wa kuhutubia wanafunzi, alilisukuma kando kwa kiatu. "Anayetaka kuniona atanitazama," alisema, na akafundisha maisha yake yote akiwa amesimama sakafuni. Nyumba yake haikuazima chumvi kwa jirani, haikugombana madirishani, na pombe haikuvuka kizingiti chake hata siku ya harusi. Binti huyu alisoma hadi akamaliza sekondari wakati wenzake wengi mtaani walikuwa wameshakatishwa masomo. Aliolewa na karani wa mahakama, mtu wa watu, ambaye homa ilimchukua kabla hawajapata mtoto. Alirudi katika nyumba ya baba yake na kichwa chake juu, na walioitazamia aibu yake dirishani walichoka kusubiri.

Kiwandani walimchukua kwa ajili ya macho yake. Kitambaa kilishuka kutoka kwenye rola ya juu, kikapita mbele ya kioo chenye taa nyuma yake, na kazi ya mkaguzi ilikuwa kuona uzi uliokatika, fundo au doa la mafuta, aweke alama ya chaki kabla halijapita. Yeye aliona hata uzi uliolegea. Tatizo ni kwamba mtambo ule ulitengenezwa kwa ajili ya watu warefu. Wakaguzi wafupi walipewa kisanduku cha kusimamia. Wiki yake ya kwanza alimwona mwenzake mmoja anakipanda, na wafumaji wakapiga kelele, "Mheshimiwa, hutubia! Tutengenezee barabara!" Mwenzake alicheka nao. Binti wa mwalimu mkuu hakucheka. Kilipofika kisanduku chake alikisukuma chini ya meza kwa ncha ya kiatu, na hapo kikabaki, kikiwa kinawekewa vitambaa vya kufutia vumbi.

Basi kwa miaka yote ile alikagua akiwa sakafuni, kidevu juu, kisogo kimelala nyuma, uso umegeuzwa kidogo kushoto ili kuukwepa mwanga. Msimamizi alimwambia mara nyingi, tena mbele za watu, "Mama, panda kisanduku, ni amri ya kiwanda." Yeye alijibu kwamba kiwanda kimeajiri macho, hakikuajiri miguu. Na macho hayo yalimtesa msimamizi, maana kila jora lililorudishwa lilihesabiwa dhidi ya zamu yake.

"Huyu mama anatafuta kasoro kama anayetafuta mume," alisema siku moja, jora lake la tatu likiwa linarudishwa.

"Mume nilikuwa naye," mkaguzi alimjibu bila kuacha kutazama kitambaa. "Kasoro ndizo unazo wewe."

Wafumaji walishangilia, na tangu siku hiyo msimamizi alianza kumvizia.

Maumivu yalianza juu ya jicho la kulia, kama mtu anayebonyeza kwa dole gumba na kukataa kuliondoa. Baadaye jicho lenyewe likawa linajaza machozi bila kilio na kuwa jekundu. Baadaye tena kikaja kizunguzungu: akigeuka ghafla, au akiangalia juu kisha akashusha kichwa, dunia ilimponyoka kama sahani yenye sabuni. Daktari wa macho alimbadilishia miwani. Mwingine alisema ni pua, akampa matone. Kichefuchefu alikituliza kwa peremende, na paji la uso alilipaka dawa ya kuchua iliyokuwa na harufu ya kufungua milango. Hakumlalamikia mtu. Katika nyumba yao kulalamika kulihesabiwa pamoja na kuazima chumvi.

Siku ile aliyofukuzwa kwenye mstari, wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, alikuwa barazani akichambua mchele. Nyumba ilikuwa moja, na wanawake wawili hao walikuwa wanaishi ndani yake kama paka wawili ndani ya kikapu.

"Wifi, leo umerudi jua likiwa bado changa," alisema, sinia limetulia magotini.

"Nimerudi."

"Mbona jicho hilo?"

"Linauma."

"Pole." Wifi alipuliza makapi. "Shoga yangu wa nyumba ya pili, mumewe anafanya kazi huko huko kwenu. Kapiga simu. Kasema mmechezeshwa mchezo wa kutembea kwenye mstari."

Kwa hiyo habari ilikuwa imefika nyumbani kabla yake. Mkaguzi alipita, akaingia chumbani, akakuta chupa ya dawa ya kuchua haipo pale alipoiacha. Aligeuka polepole, maana kugeuka haraka kulikuwa kumemtosha siku hiyo. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, chupa mkononi, pua juu ya kifuniko.

"Nilikuwa nafagia tu," wifi alisema. "Hii inanukia kama ile ya wenyewe."

"Ni ya kupaka."

"Wengine wanaanza kwa kupaka."

"Nipe chupa yangu, na utoke chumbani kwangu kabla sijasahau kwamba mdogo wangu alikutolea mahari."

Haya angeyastahimili, kwa sababu kutoka kwa wifi hakutazamia zaidi. Kilichomchoma kilikuja jioni, mdogo wake alipofika. Alikuwa mtu mpole, aliyelelewa na mikono ya dada yake baada ya mama yao kufariki. Alikaa mbele yake akizungushazungusha funguo.

"Dada," alisema, "kama kuna kitu, niambie mimi. Tutakimaliza humu humu ndani. Hakuna atakayejua."

Mkaguzi alizitazama funguo zile. Ina maana na wewe, aliwaza. Ina maana mtoto niliyemvalisha kaptura anadhani mimi ni wa kufichwa.

"Humu ndani hakuna cha kumaliza," akamjibu. "Kitakachomalizwa kitamalizwa kule kule kilikoanzia."

Kesho yake alivaa nguo zake za kutokea, akaenda hospitali, na alipoketi mbele ya daktari hakutaja jicho wala kichwa. Alisema, "Nataka mnipime pombe, mniandikie kwamba sina."

Daktari aliacha kuandika. "Mama, nikikupima leo nitajua hukunywa leo. Ya jana siyajui."

"Basi sayansi yenu haina faida."

"Ina faida kidogo," daktari alisema. "Kwa mfano, tangu umeingia nakuona umeinamisha kichwa upande wa kulia. Unanisikiliza au kinauma?"

Hakujua kwamba alikuwa ameinamisha kichwa. Alikinyoosha mara moja, na juu ya jicho pakawaka moto. Daktari akamwandikia aende kwa mtaalamu wa viungo, mlango wa mwisho.

Mtaalamu wa viungo alikuwa msichana anayeweza kuwa binti yake, mwenye mikono migumu na asiye na subira hata ya kuazima.

"Geuza shingo kushoto. Sasa kulia. Inakwamia hapo?"

"Shingo haina shida. Shida ni jicho."

"Nimekuuliza jicho?"

"Nyumbani kwenu mnaongea hivyo na wakubwa?"

"Nyumbani kwetu hawaji na shingo kama hii. Tulia." Alimgeuza uso kidogo, akaukamata ule msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio kushuka hadi penye mfupa wa mtulinga, akaubana kati ya dole gumba na kidole cha shahada kama mtu anayepapasa pindo la nguo kutafuta sindano iliyosahauliwa. Alipapasa, akashuka, akasimama. Akabana.

Mkaguzi aliruka. "Umenitia kidole machoni!"

"Mikono yangu iko wapi?"

Mkaguzi alipapasa. Mikono yote miwili ilikuwa shingoni.

"Basi," msichana alisema. "Umesikia juu ya jicho, sivyo? Pale pale panapokusumbua siku zote? Sasa hivi jicho linatoa machozi, na mimi sijaligusa. Hapa kwenye msuli pana kifundo. Msuli umekazwa muda mrefu hadi sehemu yake moja imekataa kulegea. Kifundo kipo hapa, maumivu kinayapeleka kule. Na msuli huu unauambia ubongo kichwa kimekaa vipi. Ukikorofika, unaupa habari za uongo, ndiyo hicho kizunguzungu chako. Wameangalia jicho muda wote huu, na jicho halina kosa lolote."

Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Kitambaa kilikuwa kimeshamfundisha: uzi mmoja ukivutwa pembeni, mkunjo unatokea katikati, na mkaguzi mjinga huweka alama kwenye mkunjo. Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda na jicho lake mkononi kwa kila daktari, akiweka alama kwenye mkunjo.

"Unafanya kazi gani?" msichana aliuliza, bado akibana.

Alimweleza: rola, kioo, taa.

"Na unasimama juu ya nini?"

"Juu ya sakafu."

"Kwa urefu huo?"

"Urefu huu ni wa ukoo."

"Wenzako wafupi wanafanyaje?"

"Wanapanda kisanduku."

"Na wewe?"

"Sisi hatupandi."

"Sisi ni nani?" msichana aliuliza. "Hapa kitandani naona shingo moja tu."

Msichana yule angekuwa mwanafunzi wa baba yake, angepigishwa magoti. Lakini mkaguzi alikuwa amelala chali, shingo yake mikononi mwa msichana huyo, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi lile dole gumba juu ya jicho lilikuwa linaanza kulegea. Akameza maneno yake. Alipokuwa anavaa viatu alimwomba aje kwenye kikao kiwandani, aeleze aliyoyaona.

"Nitakuja. Ila wakiniuliza msuli umeharibiwa na nini, nitasema. Sitakusitiri."

Hapo ndipo ulipokuwa mtego, na mkaguzi aliuona wote akiwa njiani kurudi. Akikaa kimya, ataitwa mlevi, na jina hilo litakaa juu ya mlango wa baba yake, juu ya mdogo wake, juu ya kila mtoto atakayezaliwa mle ndani. Akisema, atakuwa amekiri mbele ya adui yake kwamba alikaidi amri ya kiwanda waziwazi, na kazi ambayo ndiyo pekee aliyobakiwa nayo itakuwa imepotea kwa mdomo wake mwenyewe. Msimamizi hakuhitaji zaidi. Alikuwa na mashahidi kiwanda kizima.

Kikao kilifanyika ofisini kwa meneja, mtu mnene aliyekuwa akifungua na kufunga droo ya meza wakati wengine wanaongea. Mwakilishi wa wafanyakazi alikaa pembeni. Msimamizi alikuwa amenyoa.

"Mimi sina chuki na mama huyu," alianza, na mkaguzi akajua chuki inafuata. "Lakini nina mashine kule chini. Mtu anayepepesuka akiingia kwenye mashine, ni mimi nitakayeokota vipande. Macho yenyewe mnayaona."

Mtaalamu wa viungo alieleza. Meneja alifunga droo. Msimamizi alicheka kwa pua.

"Kwa hiyo shingo inalewa, jicho linapata wekundu? Hayo ni maigizo. Wamepanga."

"Njoo ushike mwenyewe," msichana alisema.

Kumshika shingo mwanamke mzima, tena mjane, mbele za watu, halikuwa jambo dogo. Mwakilishi alianza kusema haifai. Mkaguzi alimkatiza.

"Ashike yeye. Nisije nikaambiwa tena kwamba tumepanga."

Alilegeza kola, akageuza uso. Msichana aliweka vidole vya msimamizi mahali pake, na msimamizi akabana, si kwa uchunguzi bali kwa miaka yote ya majora yaliyorudishwa. Mkaguzi aling'ang'ania mikono ya kiti, akamkazia meneja macho, na meneja akaona jicho la kulia linajaa, linakuwa jekundu, na machozi yanashuka hadi kwenye kona ya mdomo, huku la kushoto likiwa kavu kama karatasi.

"Achia," meneja alisema. "Nimesema achia!"

Msimamizi aliachia, akafuta vidole kwenye suruali. Alitazama jicho lile kwa muda, na ilionekana wazi kwamba ameamini. Lakini kuamini hakukumfunga mdomo.

"Sawa. Na hiyo shingo imeharibika kwa sababu gani?" alimuuliza msichana. "Tuambie, wewe mtaalamu. Imeharibiwa na nini?"

Msichana alifungua mdomo. Mkaguzi akamtangulia.

"Kisanduku," alisema. "Sikupanda kisanduku. Niliambiwa nipande, mara nyingi, na yeye huyu. Nilikataa kwa hiari yangu, akili yangu ikiwa timamu na tumbo langu likiwa na chai. Hilo ndilo kosa langu. Hukumuni kwa hilo. Lile jingine mlifute."

"Mmesikia!" msimamizi aliruka kitini. "Kakiri! Ukaidi wa miaka!"

"Tumesikia," meneja alisema kwa uchovu. "Kaa chini."

Uamuzi haukuchukua muda. Tuhuma ya ulevi ilifutwa. Kwa kukaidi amri, mkaguzi aliondolewa kwenye ukaguzi, akapelekwa chumba cha kukunja, ambako majora yaliyokwisha kukaguliwa na wengine hupangwa na kufungwa. Nafasi yake alipewa shemeji wa msimamizi, msichana mrefu aliyeweza kuitazama rola bila kuinua kidevu na, kama ilivyokuja kujulikana, bila kuona chochote.

"Una la kusema?" meneja alimuuliza.

"Ninalo. Aliyanena mbele ya zamu nzima. Ayafute mbele ya zamu nzima. Sitaki karatasi ubaoni, watu hawasomi. Nataka mdomo ule ule."

Msimamizi aligoma. Mwakilishi wa wafanyakazi akasema bila ya hilo suala litapelekwa mbele zaidi, pamoja na habari ya kumbana mwanamke shingo. Msimamizi akaacha kugoma.

Ilikuwa getini, wakati zamu moja inatoka na nyingine inaingia. Msimamizi alipanda ngazi ya kibanda cha walinzi, akasema haraka, akitazama juu ya vichwa vya watu, "Ile habari ya juzi, nasikia mama yule si mlevi."

"Hukusikia," sauti ya mkaguzi ilitoka katikati ya umati. "Uliona. Sema uliona."

Watu waliguna. Wengine walianza kutabasamu.

"Niliona," msimamizi alisema, mishipa imemtoka. "Si mlevi. Haya? Si mlevi! Ni mbishi. Mbishi kama nyumbu, hajawahi kutokea mbishi kama yeye!"

"Hilo nalikubali," mkaguzi alisema, akafunga koti lake na kuingia kazini. Hawakusalimiana tena hadi siku msimamizi alipostaafu, na siku hiyo pia hawakuagana.

Jioni ile alipofika nyumbani wifi alikuwa barazani, masikio yamesimama. Shingo ilikuwa bado inauma, na ingeuma kwa muda mrefu. Msichana wa viungo alikuwa amemwambia wazi kwamba vifundo vya miaka havifunguki kwa kikao kimoja. Lakini alipanda ngazi bila kushika ukuta.

"Kwa hiyo wamekurudisha, wifi?"

"Wamenishusha. Niko chumba cha kukunja."

Wifi alitafuta uso wa kuvaa, akakosa. "Sasa mbona unaonekana umefurahi?"

"Kwa sababu nimeshushwa kwa ubishi." Mkaguzi alivua viatu, akaviweka sambamba mlangoni. "Najua utakwenda kwa shoga yako. Nenda. Mwambie wifi yangu kashushwa cheo kwa sababu ni mbishi, alikataa kupanda kisanduku. Mwambie hivyo hivyo. Nikisikia neno jingine mtaani, iwe leo iwe mwakani, sitauliza limetoka wapi."

Wifi alimtazama, kisha akautazama mlango wa chumba ambamo mumewe alikuwa amesimama, anasikia kila kitu. Mdogo mtu hakuinua macho. Alisogea kando kumpisha dada yake apite, na aliendelea kusogea hata baada ya nafasi kutosha.

Wifi akajitupia mtandio begani, akatoka. Baada ya muda mfupi sauti yake ilisikika kutoka dirisha la nyumba ya pili, kubwa na ya kinyongo kama ya mtoto anayesomeshwa kwa lazima: "Mbishi, shoga. Hakuna pombe. Ni ubishi mtupu. Ndivyo walivyo wote mle ndani!"

Mkaguzi aliloweka kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akakizungusha shingoni. Kisha akafungua dirisha zaidi, asikie vizuri.